Kilichopita Juu ya Paa la Kinyozi

Mkuu wa kituo alikuwa na jibu kabla hajaulizwa swali, na jibu lenyewe lilikuwa puto.

"Andika puto," alimwambia Kisirani, akiisukuma picha juu ya meza kwa ncha ya kalamu kama anayeogopa kuambukizwa. "Ofisi ya usalama wa anga wanatusumbua. Wanataka kujua ni nani anayerusha vidude juu ya mji bila kibali. Waambie ni puto la watoto, tulale."

"Umelichunguza, Mkuu?"

"Nimeliona. Ni duara. Na puto ni duara. Unataka nini tena, Inspekta?"

Kisirani aliichukua picha. Jina hilo hakupewa na mama yake. Walimpa wenzake wa ofisini, kwa sababu faili lililokwisha kuzikwa likipita mikononi mwake hufufuka, na likifufuka humharibia mkubwa fulani usingizi. Waliokuja kazini nyuma yake walikuwa wamekwisha kumpita kwa vyeo. Alijua sababu, ilimuuma, na hakuwa na nia ya kujifunza tabia nyingine uzeeni.

Kila mtu mjini alikuwa ameiona picha ile. Aliipiga Kinyozi mmoja mwenye ugonjwa wa kupiga picha za mwewe akiwa juu ya paa la jengo analoishi. Gazeti lilipoichapa, watu walichanganyikiwa. Wapo waliosema ni chombo cha viumbe kutoka nyota nyingine, wapo waliosema ni silaha ya nchi jirani, na mhubiri mmoja alikuwa ameifanya somo la ibada nzima. Kisirani aliisogeza dirishani penye mwanga. Kwenye kona ya chini, nguo zilizoanikwa kwenye jengo la pili zililala ubavu kwa upepo. Nyuma kabisa yalisimama maghorofa ya katikati ya mji. Katikati ya anga kulikuwa na kitu cheusi, duara lililoinama upande, ukingo wake mmoja uking'aa, na kwenye ukingo wa pili kimkia chembamba kilichopinda.

Kimkia hicho ndicho kilichowatia watu wazimu. Wengine walikiita moshi, wengine mkono.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa mke wa dereva wa gari la mikate, na bakuli lake lililofungwa kwa kitambaa mapajani. Kituo kizima kilimjua. Mumewe alikuwa mahabusu kwa kosa la kumgonga na kumuua mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara, na mkewe hakuchoka kuja kuuliza kama kuna jipya, ingawa kila askari alishajifunza kumpita huku akitazama saa yake.

Kisirani naye alitaka kumpita.

"Dada yangu," mwanamke yule alisema, "hukumu ni keshokutwa."

"Pole, mama. Kesi yenu haiko mikononi mwangu."

"Najua. Ila hiyo picha mkononi mwako ni ya Kinyozi, na Kinyozi ndiye shahidi wa kesi yetu. Nataka uniulizie kitu kimoja tu kwake. Jioni ileile, saa ileile, gazetini anasema macho yake yalikuwa mbinguni anapiga hiyo picha. Halafu maelezo yake yaliyosomwa mahakamani yanasema alimwona mume wangu barabarani akimgonga mtu. Ana macho mangapi?"

Kisirani akasimama. "Una hakika ni jioni ileile?"

"Nitaisahauje? Upepo ulikuwa unang'oa mabati. Mume wangu alimkuta yule mama ameshaanguka. Akasimama, akamwinua, damu ikamjaa shati. Watu walipofika wakaona gari, wakaona damu, basi." Alikaza fundo la kitambaa ambalo halikulegea. "Magari mengine yalimkwepa yakapita. Angepita na yeye, leo angekuwa analala kwake."

Kisirani alitoka nje na hasira ambayo hakujua bado aielekeze kwa nani.

*

Jengo la Kinyozi lilikuwa la ghorofa tano, rangi imebabuka kwa aibu ya mwenye nyumba asiyejua aibu. Chini kulikuwa na chumba cha kunyolea, duka la simu, na fundi viatu aliyejibanza ukutani chini ya mwavuli. Kisirani alipovuka barabara, kitu kilinguruma chini ya viatu vyake, naye akaruka kando.

Fundi viatu akaangua kicheko. "Usiogope, afande! Hicho chuma kinabeba hata pikipiki. Halmashauri walichukua mfuniko wa shimo la maji machafu wakasema wanaleta mpya. Tumesubiri hadi tumeota mvi. Nikaona nifunike mwenyewe kabla hatujazoa watu humo ndani."

"Umefanya vizuri," Kisirani alisema, akajipangusa vumbi, akaingia kwa kinyozi.

Picha ilikuwa imekuzwa hadi kufikia ukubwa wa mlango wa kabati na kutundikwa juu ya kioo, ili kila anayenyolewa asipate pa kutazama isipokuwa pale. Kinyozi mwenyewe, mwembamba, wa makamo, kamera ikimning'inia kifuani hata akiwa kazini, alikuwa anamnyoa ndevu mzee mmoja mnene aliyejaa povu.

"Karibu, afande! Umekuja kwa ajili ya picha au kichwa?"

"Picha. Endelea na kazi, mimi nitauliza."

Alikaa kwenye benchi la wateja na kuzungumza naye kwa kupitia kioo. Alipenda hivyo. Mtu anayenyoa hawezi kuchezesha mikono anapodanganya.

"Ulikuwa wapi hasa?"

"Juu ya paa, kwenye tangi la maji. Ndipo mahali pa juu kuliko pote. Kulikuwa na mwewe wawili wanapigana na upepo. Nikashuka kwenye tangi, nikawafuata hadi kwenye ukingo wa paa. Mara, hicho hapo! Kimetokea nyuma yangu, juu ya kichwa changu. Nikabonyeza."

"Kilikuwa na sauti?"

"Kilivuma. Vuuu. Kama pangaboi."

"Kisha kikaenda wapi?"

"Hapo ndipo penye maajabu, afande." Wembe ulisimama hewani. "Kilipotea. Kufumba na kufumbua, hakipo."

"Mimi naamini wamerudi kwao," alisema mzee mwenye povu.

"Wewe tulia nisikukate."

Kisirani aliinuka, akaisogelea picha kubwa hadi pua ikakaribia kuigusa. Kwa ukubwa ule aliona kitu ambacho picha ndogo ilimficha. Maghorofa ya mbali yalikuwa yamepauka kwa vumbi la upepo, meupe kama yaliyochorwa kwa chaki. Jengo la pili, la nguo zilizoanikwa, nalo lilikuwa limeanza kupauka. Lakini kile kitu kilikuwa cheusi tii. Hakuna vumbi lililopita kati yake na kamera. Basi hakikuwa mbali, wala hakikuwa kikubwa kama watu walivyodhani. Kilikuwa karibu kuliko zile nguo, juu ya paa lilelile.

"Mzee," alisema taratibu, "nani alikurushia?"

"Nirushiwe nini?"

"Sinia. Kifuniko cha sufuria. Mtu anarusha, wewe unapiga, kesho uko gazetini."

Uso wa Kinyozi kiooni ukaiva kwa hasira. Alimwacha mteja na nusu ya ndevu, akaivua kamera shingoni, akaiweka mikononi mwa Kisirani. "Tazama mwenyewe! Zote zimo, za kabla na za baada. Mimi sifuti picha, afande, hata za makosa sifuti. Mtu mwongo angekupa hizi?"

Hakuwa mwongo. Kisirani alizirudisha nyuma moja moja. Anga tupu. Anga tupu. Kile kitu. Mwewe. Mwewe. Bawa la mwewe. Halafu picha iliyopigwa kwa bahati mbaya, kamera ikiwa imelala pajani: viatu viwili vya Kinyozi vimekanyaga chuma cha duara chenye kutu, na katikati ya viatu, waya uliofunguliwa ukapindwa pembeni, ncha yake ikisimama.

Aliitazama picha hiyo kwa muda. Kisha akarudi kwenye ile ya kitu angani, akaikuza hadi kwenye kimkia.

"Twende juu," alisema.

"Na mimi?" aliuliza mzee, nusu ya uso ikiwa povu.



*

Juu ya paa palikuwa na tangi la chuma la zamani, refu kumzidi mtu, limeegemezewa ngazi. Kisirani alipanda. Mdomo wa tangi ulikuwa umefunikwa kwa gunia lililozungushiwa mpira wa baiskeli.

"Mfuniko uko wapi?"

"Wameiba," Kinyozi alijibu kutoka chini, bila wasiwasi wowote. "Wezi wa vyuma chakavu. Hawa watu siku hizi wanapanda mpaka juu ya paa! Hilo gunia nimelifunga mimi, maana njiwa walianza kuoga humo na sisi tunakunywa."

"Waliiba lini?"

"Sijui hasa. Nilipanda siku chache baada ya picha, nikakuta hamna."

"Na waya? Ulikuwa umefungwa kwa waya?"

"Eeh. Bawaba zilikatika zamani. Tulimwambia mwenye nyumba hadi tukachoka, akatuletea waya. Mbaya sana ule waya, unachoma makalio. Nikikaa lazima niufungue niupinde pembeni, halafu nikimaliza na..."

Hakuelewa bado, Kisirani aliona. Alikuwa amekumbuka tu kwamba siku ile hakuufunga, kama mtu anavyokumbuka kuwa hakuzima taa. Picha ilikuwa mkononi, furaha ilikuwa imempanda kichwani, akashuka mbio.

Kisirani alivua mtandio wake, akapima upana wa mdomo wa tangi, akafunga fundo pale ulipoishia. Kisha akashuka, akaenda hadi ukingoni mwa paa na kuchungulia. Moja kwa moja chini yake ulikuwa mwavuli wa fundi viatu. Hatua chache mbele ya mwavuli, barabarani, kilionekana chuma cha duara juu ya shimo.

Walishuka. Barabarani, Kisirani alipiga goti na kuulaza mtandio juu ya kile chuma. Kutoka ukingo hadi ukingo, fundo lilikaa mahali pake. Upande mmoja ukingo ulikuwa umebonyea. Upande wa pili palikuwa na tundu, na kwenye tundu, kipande cha waya kilichopinda.

"Fundi," alisema, bado amepiga goti, "hiki ulikipata wapi?"

Fundi viatu aliacha kushona. "Hapo hapo katikati ya barabara. Siku aliyokufa yule mama. Watu wote wamemkimbilia yeye, mimi nikakiona kimelala. Nikadhani kimedondoka kwenye lile gari la mikate."

"Hukuwaambia polisi?"

"Nilianza kusema. Mkubwa wenu akasema mwenye maneno mengi atapanda gari pamoja na dereva. Nikarudi kwenye viatu vyangu." Aliinamisha kichwa. "Nina watoto, afande."

Kisirani alisimama. Kinyozi alikuwa bado anautazama mtandio, fundo na waya.

"Mzee," alimwambia, na alichukia kila neno, "kile kitu hakikupotea. Kilianguka."

"Hapana."

"Upepo uliunyanyua mfuniko, ukakupita kichwani, wewe ukaupiga picha. Mfuniko ukashuka chini ya ukingo wa paa, ndiyo maana hukuuona tena. Yule mama alikuwa hapa."

"Hapana, afande. Mimi nilisikia kishindo cha gari. Nilisikia!"

"Ulisikia kishindo. Nani alikwambia ni cha gari?"

Kinyozi alishika ukuta. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, watu wakimpita.

"Nilishangilia," alisema baadaye. "Umeelewa, afande? Nilipoiona imetoka vizuri kwenye kamera, niliruka. Nilipiga vigelegele kama mwanamke. Ndipo nikasikia kishindo, na wala sikuchungulia mara moja, nilikuwa naitazama picha. Nilipochungulia gari limeshasimama na mama wa watu amelala."

"Sasa mbona ulisema ulimwona dereva akigonga?"

"Nilisema nilisikia. Mkubwa wenu akaniuliza, gari liko pale, maiti ipo pale, kusikia na kuona kuna tofauti gani? Akaandika niliona. Nikatia sahihi." Alifuta uso kwa kiganja chenye povu la sabuni. "Nilikuwa nawahi gazetini kabla hawajafunga."

Kisirani alimwonea huruma mtu huyu, na papo hapo alitaka kumzaba kofi. Dereva alikuwa amekaa ndani siku zote hizi, na picha ikiwa ukutani, inatazamwa na kila mwenye kidevu.

Alitoa simu, akasogea pembeni.

"Ni puto?" Mkuu aliuliza.

"Ni mfuniko wa tangi la maji. Ndio uliomuua yule mama. Dereva hakumgusa."

Aliposema tena, Mkuu alikuwa ameshapiga hesabu zake.

"Kinyozi amekiri?"

"Amekiri. Lakini mwenye jengo aliambiwa zamani kuwa bawaba zimekatika, naye..."

"Mwenye jengo namfahamu, mwache. Mlete kinyozi. Akiingia huyo, wa mikate atatoka, na yule mke wake ataacha kunijazia benchi."

"Na maelezo ya shahidi, Mkuu? Alisema alisikia. Wewe ukaandika aliona."

"Inspekta, hicho cheo kidogo ulichonacho unakipenda?"

Akakata.

Kisirani aliirudisha simu mfukoni. Hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikomsikitisha zaidi. Ataandika yote: bawaba, waya, shati la damu, na mkono ulioandika neno ambalo halikusemwa. Nakala moja ataipeleka kwa hakimu kwa mkono wake kabla ya keshokutwa. Baada ya hapo wamwite watakavyo.

"Kamera nakaa nayo," alimwambia Kinyozi. "Na mfuniko nauchukua. Inuka."

"Mfuniko hapana!" Fundi viatu aliruka kutoka chini ya mwavuli wake. "Afande, watoto wanatoka shule sasa hivi. Mtu akitumbukia humo utamjibu nani?"

"Ni ushahidi, fundi."

"Basi ukae hapo wewe, uwe mfuniko."

Alikuwa na haki. Ni Kinyozi aliyeinuka. Aliingia ndani, wakamsikia akimwomba radhi mzee, naye mzee akiuliza kama ni kweli viumbe wamekamatwa. Alitoka analiburuta benchi la wateja, lile zito la mbao, na koleo mfukoni, na waya mpya uliokunjwa mkononi. Mzee alimfuata hadi mlangoni, ndevu upande mmoja, akatazama.

Waliuinua mfuniko, bati pana zaidi kuliko zito. Harufu ya shimo iliwapanda usoni. Kinyozi alililaza benchi kifudifudi juu ya mdomo wa shimo, miguu juu, akapiga magoti na kuanza kulifunga kwenye vyuma vilivyotokeza pembeni. Alizungusha waya, akaukaza kwa koleo, akauzungusha tena. Akatikisa. Akahamia upande wa pili. Watoto wa shule walikuwa wameanza kufika, wakalipita benchi kwa pembeni na kumshangaa mtu aliyekuwa analia huku anafanya kazi.

Gari la polisi lililotumwa na Mkuu lilifika, dereva wake akapiga honi. Kisirani alimwonyesha mkono asubiri.

Kinyozi alirudi upande wa kwanza, akaongeza mzunguko mmoja, akaipinda ncha ya waya kwa ndani isije ikamchoma mtu. Alivuta kwa mikono yote miwili. Kisha akageuza kichwa.

"Afande, hebu jaribu na wewe."

Kisirani aliinama, akalishika benchi, akavuta kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

"Limeshika," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Haya," Kinyozi alisema, akamkabidhi fundi viatu lile koleo. "Twende tukamtoe yule dereva."